Bawa Lililotokeza Dirishani Kaloleni

Mwanangu, leo nimekumbuka ile Jumamosi baba mkwe wangu alipobisha hodi Kaloleni bila kututumia habari, na nyumba yetu imejaa bawa la ndege. Usicheke. Miaka ya themanini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na marehemu mume wangu, Wafula, alikuwa fundi wa ndege ndogo. Mchana alitengeneza za wenyewe, jioni alijenga yake, ndani ya nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yenye vyumba viwili.

Kusema kweli halikuwa bawa bado. Ulikuwa mhimili wake, ile boriti inayopita ndani ya bawa na kubeba uzito wote. Ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Ulianzia chumba cha kulala, ukapita sebuleni, ncha ikatokeza dirishani, nami nikawa naanika nguo za watoto juu yake mpaka nilipokatazwa. Vijana wa mtaa walimwita buda, yaani mzee, wakimchokoza kila wakipita: "Sasa, buda wa ndege, tutapaa lini?" Naye alikuwa akiwaambia wao watapanda bure. Nikikumbuka harufu ya gundi ile na kelele za vijana wale, natamani kulia.

Mhimili ulikuwa wa faiba: kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa gundi yenye dawa ya kuigandisha, kikalazwa tabaka juu ya tabaka. Mimi nilikuwa mshonaji, kwa hiyo kukata kitambaa ilikuwa kazi yangu, na mkasi wangu wa soko la Gikomba haukupona tena. Sharti lilikuwa moja. Ukianza kulaza huachi mpaka umalize, kwa sababu tabaka hushikana zikiwa bado mbichi. Ya chini ikishaganda, ya juu italala tu juu yake, haitaishika sawasawa.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo mzee alipobisha, jogoo kwapani, ametoka Bungoma kwa basi. Kwetu baba hasubirishwi mlangoni. Wafula akaosha mikono kwa mafuta ya taa, akamkaribisha, akakaa naye. Jogoo akachinjwa, nikapika. Chai ikanywewa, habari za nyumbani zikaulizwa, za watu kwanza, kisha za ng'ombe. Mila zetu hazimruhusu baba kulala nyumbani kwa mwanawe, kwa hiyo mzee alikwenda kulala kwa nduguye mtaa wa Makongeni. Alipoondoka, gundi ilikuwa imeshaganda. Wafula akaipitishia msasa juu juu, akaendelea kulaza.

Mhimili ulitoka unang'aa, majirani wakaja kuupapasa. Lakini mimi nilimwona Wafula akiugonga kwa sarafu, pole pole, toka mwisho hadi mwisho. Ulilia vizuri, kisha pale katikati sauti ikafa, kama pana uwazi ndani. Akagonga tena, akanitazama, akaitia sarafu mfukoni. Nilipomuuliza alisema, "Itashika tu." Na huyo alikuwa mtu wa kufungua injini ya mwenzake upya kwa sababu ya skrubu moja asiyoiamini. Hakuwa na moyo wa kuikata kazi ya muda mrefu namna ile, na zaidi ya hapo, aliona kusema gundi iliganda kwa ajili ya mgeni ni sawa na kumwambia baba yake kwamba alikuja na mkosi.

Mimi ningemwambia nani? Mkaza mwana wa kwetu haketi na baba mkwe, hampi mkono, hamtazami usoni. Mzee alikuwa akija kila asubuhi, nami nikijificha jikoni kama mwizi. Lakini kila nilipomtazama Wafula nilikuwa namwona yuko juu, na bawa linakatika. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Basi asubuhi moja, Wafula yuko kazini na mzee anakunywa chai sebuleni peke yake, nilisimama jikoni, nikampa mgongo, nikaanza kuzungumza na sufuria. Nikaiambia ile sufuria kwamba siku mgeni alipokuja gundi iliganda katikati ya kazi, kwamba mhimili ukigongwa pale katikati haulii, kwamba mwenye kazi anaona haya kusema, na kwamba ataruka nayo hivyo hivyo.

Nikasikia kikombe kinawekwa mezani. Nilidhani nimeivunja nyumba yangu.

Wafula aliporudi jioni, mzee alimtaka augonge mhimili mbele yake. Alipoisikia ile sauti iliyokufa, hakupandisha sauti yake.

"Ulinichinjia jogoo," akasema, "ukaninyima neno moja tu: ngoja. Mimi nilikuja kukuona uko mzima. Chai hata kwangu iko."

Kisha akaomba msumeno. Wafula ndiye aliyekata, baba yake ameshika ile ncha ya dirishani. Pale katikati mzee alipenyeza kidole gumba, tabaka zikabanduka kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Wafula akakaa sakafuni akalia, na mzee akakaa sakafuni naye, na koti lake zuri la safari.

Mhimili wa pili ulichukua muda. Mzee alirudi toka Bungoma kwa ajili yake, na siku ya kulaza aliweka kigoda nje ya mlango akakikalia. Wote waliokuja aliwasubirisha, hata mchungaji na wazee wa kanisa, akiwaambia mtoto yuko kazini.

Ndege iliruka. Mimi nilikuwa kando ya uwanja nimefumba macho. Nilipoyafumbua, Wafula alikuwa juu anazunguka, na mzee amesimama mbali kidogo nami, anatazama kwingine kama mila inavyotaka.

"Mama," akasema, "ile sufuria yako inaongea vizuri."

Basi, mwanangu, mgeni akikukuta umeshika kazi inayobeba uhai wa mtu, mwambie angoje. Anayekupenda atangoja. Kazi ikiharibika ndani, ikate, hata kama inang'aa. Na ukiona mtu wako anaficha jambo litakalomuua, sema, na kama huna wa kumwambia, iambie sufuria pale mwenye masikio anaposikia. Mungu akupe mikono inayomaliza ilichoanza, na akupe mtu wa kukukalia mlangoni.