Timu ya Uwanja Ulioinama

Mwezi uliopita nilirudi Kingi, kijijini kwetu. Nasema nilirudi kwa kukosa neno lingine, maana nyumba yetu haipo tena na aliyekuja kunipokea ni mvua tu. Nilikuwa nimepanda pikipiki kutoka Masisi senta, mfuko wa nguo mapajani, na tulipokaribia, kijana aliyeniendesha akauliza aniache wapi. Nikamwambia aniache uwanjani.

"Uwanja gani, Mama? Hapa kuko mashamba tu."

Akanishusha, nikajionea mwenyewe. Maharagi, rafiki yangu, yamepandwa kuanzia chini ya kanisa mpaka kwenye kijito, na yamestawi. Siwezi kuwalaumu waliopanda, watu lazima wale. Lakini nilikaa palepale kwenye majani mabichi. Kijana alinitazama kidogo, akageuza pikipiki, akaondoka.

Wewe ungeuona uwanja ule ungecheka. Kwetu mahali tambarare ni pa kutafuta kwa tochi, na pakipatikana mtu ameshajenga. Kwa hiyo koleji yetu, shule ya sekondari ya madarasa machache ya mbao yenye bati lililojaa kutu, ilicheza mpira kwenye malisho ya jirani, na malisho yenyewe yalikuwa yameinama. Goli la juu lilikuwa karibu na kanisa, goli la chini karibu na kijito. Miti ya magoli ilikuwa ya mikaratusi, na nyavu hatukuwahi kuwa nazo. Jirani alikubali kwa sharti moja: ng'ombe wale kwanza. Jumapili baada ya misa tuliwasubiri wamalize, nao wakitutazama bila haraka yoyote, kisha sisi wasichana tukaingia na majani ya migomba kuzoa mavi. Mikono ilinuka mpaka Jumatatu. Bado tuliigombania kazi hiyo, kwa sababu aliyezoa mavi aliruhusiwa kukaa mbele.

Timu yetu ilikuwa fundi wa kilima kile. Aliyewafundisha ni mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba mwenye koti moja la kijivu, na neno lake lilikuwa lilelile kila mechi: "Muache kilima kifanye kazi, batoto." Kipindi cha kwanza walijilinda, wakishambulia kuelekea juu, cha pili wakauachia mpira uteremke nao. Walijua majani yapi yanaubana mpira na ni wapi unashika kasi. Wageni, hata waliokuja na viatu vya kweli, walipiga pasi fupi wakaona mpira unatoroka kama mbuzi aliyekata kamba. Tuliwafunga wote. Baada ya mechi jirani alituletea ndoo ya maji ya jibini, yale yanayobaki maziwa yakishaganda, ya uvuguvugu, machachu kidogo, na bibi yangu alikuwa ameshapika viazi na maharagi kwa mawese. Watu walikula wakirudia kila goli kwa mikono na miguu. Sijala tena chakula kama kile.

Kaka yangu hakuwa kwenye timu. Alikuwa na miguu mizito, akikimbia unamhurumia. Raha yake ilikuwa mbao. Alichonga viti vidogo vya kukalia jikoni, na bibi akavigawa kwa majirani huku akijigamba. Nilimtania kwamba hata viti vyake vingemshinda mbio, naye alicheka tu. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Kisha wenye bunduki wakaja kukaa juu ya kilima. Sikuchoshi na jina lao, maana majina yamebadilika mara nyingi tangu hapo na bunduki ni zilezile. Walichukua vijana. Walianza na waliokutwa barabarani, wakaendelea na waliokutwa shambani, na mama akapoteza usingizi. Kila mbwa alipobweka alimsukuma kaka chini ya kitanda, yeye na miguu yake mirefu isiyoenea. Lakini kamanda wao alipenda mpira. Jumapili moja alishuka, akakalia kiti cha darasani kando ya uwanja, akatazama mechi mpaka mwisho, kisha akamwambia mwalimu: "Hawa benye kuchezaka, sitabagusa."

Mwalimu alilishika neno lile kwa mikono miwili. Wiki hiyohiyo akina mama wakaanza kumiminika mlangoni kwake. Mama yangu naye alikwenda, akapiga magoti kwenye tope.

"Mwalimu, mutoto wangu naye anachezaka," alisema. Kaka alikuwa amesimama nyuma yake, vumbi la mbao kwenye nywele.

Mwalimu alimwangalia miguu, akajua. "Njo hivyo, Mama," akakubali. "Anachezaka muzuri."

Bibi alikata pazia letu la manjano akashona jezi, kwa sababu manjano ndiyo iliyokuwa rangi ya timu, na tangu siku ile dirisha letu likabaki wazi.

Timu ikavimba. Na kwa kuwa kamanda alikuwa na macho, kila mwenye jezi ilibidi acheze kweli: mwenye mguu mbovu, mwenye pumu, mmoja asiyeona mbali. Tukaanza kupigwa mabao. Tulipigwa na kila aliyekuja, tukapigwa kwa aibu, na utaniona mwongo, lakini akina mama walishangilia hata tulipofungwa, kwa sababu watoto wao walikuwa pale mbele ya macho yao, wana jasho, wana hasira, wazima. Sikuwahi kuipenda timu yetu kama wakati ule.

Watu wa Muheto, kijiji kingine, nao walikuwa wamefanya vilevile, chini ya kamanda yuleyule. Siku moja akachoka na timu mbili. Alimwita mwalimu wetu na mwalimu wao, akawaambia mbele ya watu, akitafuna muhogo: "Ekipe mbili za nini? Moja inanitosha. Mucheze. Ile itapigwa, batoto bake batakuja kunibebea mizigo."

Sijui kama umewahi kuona kijiji kizima kikikosa la kufanya. Kukimbia haikuwezekana, barabara zilikuwa zao. Kusali tulisali. Siku ya mechi walimu wale wawili walikutana kijitoni, wageni wakinawa miguu baada ya kutembea tangu alfajiri, na hapo wakapatana: iwe sare. Ikitoka sare, kamanda atataka warudiane, na kati ya Jumapili moja na nyingine huenda wenye bunduki wakahama, huenda Mungu akafanya jambo. Mpango ukapita kwa minong'ono kutoka kwa mama mmoja hadi mwingine, mpaka nasi watoto tukaupata. Tupige kelele kama kawaida, lakini hakuna kufunga.

Nimeona mechi nyingi maishani, sijaona nyingine kama ile. Vijana walitoa jasho la kweli kwa mchezo wa uongo. Walikimbia, wakaangushana, wakabishana na katekista aliyekuwa refa, na yeyote aliyefika mbele ya goli aliupeleka mpira nje. Sisi tuliimba mpaka sauti zikakauka. Kamanda kwenye kiti chake alikunja uso. Nilimtazama kaka, jezi yake ya pazia imemganda mgongoni, akitangatanga karibu na goli la wageni kwa sababu mwalimu aliona huko ndiko asikoweza kuharibu kitu. Kipindi cha pili kilikuwa kinakwisha. Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, nikausikia mkono wake ukianza kulegea.

Muheto walikuwa wanalinda goli la chini. Beki wao mmoja, mtoto mrefu mwenye shingo nyembamba, alipata mpira bila mtu wa kumsumbua. Alifanya jambo la busara kabisa: akaurudisha kwa kipa wake, taratibu, kwa ubavu wa mguu, vile wanavyofanya kwao ambako uwanja umelala sawa. Kipa alikuwa amesogea pembeni kufunga kiatu chake. Kwao mpira ungesimama njiani ukamsubiri. Kwetu ulipita pale ng'ombe walipokuwa wamemaliza majani yote, ukashika kasi.

Sisi wote wa Kingi tuliona kabla yao. Hakuna aliyepiga ukelele. Tungepigaje, na kamanda yuko pale? Kaka yangu ndiye aliyekuwa karibu, akakimbia. Hakuwa akikimbia ili afunge. Alikuwa akiukimbilia mpira auzuie. Miguu ile mizito niliyoicheka tangu nipate akili, rafiki yangu, siku ile ilipaa. Alijitupa mbele kwa kifua, mikono ameinyoosha, akala vumbi. Mpira ukapita kati ya miti miwili, na kwa kuwa hapakuwa na wavu wa kuushika, ukaendelea kuteremka mpaka ukaingia kijitoni.

Katekista alikuwa na filimbi mdomoni na hakuipuliza. Akainua mkono, akaanza kueleza kwamba kuna mtu alikuwa ameotea.

"Goli iko goli," kamanda akasema. Alikuwa amesimama, anacheka, anapiga makofi peke yake. Akateremka mpaka kwa kaka, akamwinua kutoka chini kwa mkono, akamwonyesha kwa watu. "Huyu njo mushambuliaji! Mumeona vile alikimbia?"

Mama alimkumbatia kaka akalia, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti, maana mtoto wa mama yangu alikuwa amebaki. Kisha nikaona vijana wa Muheto wakiambiwa wasivue jezi. Walipangwa mstari, wakabebeshwa magunia na masufuria, wakaanza kupanda kilima. Yule mrefu alikuwa wa mwisho, akitazama miguu yake. Mwalimu wao aliwafuata akisihi mpaka akazuiwa na bunduki, na sauti yake tuliendelea kuisikia hata walipokwisha kupotea kule juu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi ya mwisho ya koleji yetu. Ukiitaka historia yake, basi ni hiyo: ilimaliza kwa ushindi. Mwalimu wa hesabu alizunguka vijiji akiomba timu ya kucheza nasi, watu wakamfungia milango. Nani angeleta watoto wake Kingi? Bila mechi, jezi ilikuwa nguo tu, na vijana wakaanza kutoroka mmoja mmoja kupitia mashamba ya mihogo. Kaka alifika Walikale, kule msituni, kwa mjomba, na mpaka leo anatengeneza milango ya watu. Sisi tulikwenda na magodoro kichwani hadi kando ya Goma, tukarudi, tukakimbia tena. Bibi tulimzika huko, kwenye mawe meusi. Koleji ilichomwa. Jirani hana ng'ombe hata mmoja, na ladha ile ya maji ya jibini nimeitafuta kwenye masoko yote nisiipate.

Nilipokaa kwenye maharagi yale mvua ikininyeshea, nilijaribu kukumbuka magoli yetu mazuri, yale ya zamani, ya raha. Yalikuwa mengi, lakini siku ile sikuweza kuliona hata moja. Niliyemwona ni mama mmoja tu.

Alikuja wiki chache baada ya mechi, kaka akiwa bado nyumbani. Alikuja kwa miguu, kitenge kimelowa mpaka magotini. Tulimpa kiti, hakukaa. Tulimpa maji, hakunywa. Alikuwa mama wa yule beki mrefu wa Muheto. Kijana mmoja wa Muheto alikuwa ametoroka kule juu, akamsimulia jinsi goli lile lilivyoingia.

"Njo weye ulikimbiaka nyuma ya mupira?" akamwuliza kaka.

"Njo miye, Mama."

"Ulikuwa unataka kuukamata?"

"Ndiyo, Mama."

"Ilibakia kiasi gani?"

Kaka akainua mikono, viganja vikitazamana, akamwonyesha: hivi. Ilikuwa nafasi ndogo, ya kupitisha mkate. Yule mama akaitazama. Kisha akainua mikono yake mwenyewe, akaishika ya kaka kwa nje, akaisukuma taratibu mpaka viganja vikakutana na nafasi ile ikaisha. Akavishikilia hivyo kidogo, akaachia, akashika njia ya kwao.