Hedifoni Tulizozijaribia Dunguni

Sponji ya hedifoni ikizeeka ina harufu yake: mpira uliopigwa jua, jasho, na kwa mbali kitu kama mafuta ya nazi yaliyokaa mno kwenye chupa. Wiki iliyopita binti yangu aliniletea zake. Sponji imeanza kumomonyoka, inamwachia makombo meusi shingoni. Aliniuliza anunue zipi sasa, maana anasikiliza sana roki na hizi zinamchanganyia kila kitu. Kabla ya kumjibu nilizisogeza puani, na harufu ile ikanirudisha bondeni, kwenye dungu la mama, mwaka ambao Mjomba Shabani alirudi kutoka Dar.

Kwa asiyelijua bonde la Rufiji, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Nyumba yetu ilikuwa Ikwiriri, lakini mpunga ukianza kutoa masuke tulihamia dunguni, sufuria, mikeka na kuku, tukakaa huko mpaka mavuno. Kazi kubwa ni kuamia, yaani kuwafukuza ndege. Kutoka kwenye nguzo za dungu zilikwenda kamba hadi kila pembe ya shamba, na kwenye kamba tulifunga makopo ya maziwa yenye kokoto ndani. Ukivuta, shamba zima linapiga kelele.

Kweleakwelea hawaji mmoja mmoja. Hushuka kundi zima, na suke likiwa bado bichi hulikamua maziwa yake, wakaliacha limesimama vilevile, zuri, tupu. Lakini kabla hujawaona unawasikia: mvumo wa mabawa, kama mtu anapeta mchele nyumba ya tatu. Ndiyo maana mama alikuwa na msemo wake, akiurudia kila asubuhi kama dua: "Mtu wa dungu halali masikio."

Baba alikuwa ameshafariki. Ndege mimi na mama tuliwaweza. Tusiowaweza ni nguruwe pori, ambao walikuja jua likielekea kuzama na hawakujali makopo wala sauti ya mtoto wa miaka tisa. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekula robo ya shamba letu. Kwa hiyo Mjomba Shabani, mdogo wake mama, aliposhuka kwenye basi na begi moja na kusema atakaa nasi mpaka mavuno, mama alichinja jogoo.

Mjomba alikuwa mrefu, mpole, na mwenye ugonjwa mmoja tu: roki. Alikuwa amefanya kazi ya kubeba mizigo bandarini, na baharia mmoja alimwachia kanda tatu za magitaa makali na dramu zinazokimbia. Alikuwa na redio ndogo ya kanda ya kuning'iniza kiunoni, isiyo na spika. Hedifoni zake ziliharibika njiani. Wiki ya kwanza alivumilia. Wiki ya pili alianza kuzigeuzageuza zile kanda mkononi kama mtu aliyefunga anavyotazama tende.

"Dada," akasema siku moja, "sikio halilali na njaa. La kwangu linakonda. Nisipopata hedifoni, nitarudi Dar."

Alisema akicheka, lakini mama hakucheka. Kesho yake akamruhusu aende Ikwiriri. Muuza mitumba mmoja alikuwa na hedifoni za aina tatu kwenye boksi, na akamkubalia azichukue zote akazijaribu siku mbili, saa ya mkononi ya Mjomba ikibaki dukani kama dhamana. Akarudi dunguni anang'aa. Mama akampa sharti moja.

"Vaa unazotaka. Lakini nikikuita kutoka kwenye tuta la mwisho, kwa sauti yangu hii hii, uitike. Zile utakazoitika nazo, hizo ndizo. Usipoitika na hata moja, zote zinarudi kwa mwenyewe."

Hapo nilielewa vizuri kabisa kilichokuwa hatarini. Zikirudi kwa mwenyewe, Mjomba atapanda basi, na nguruwe watakula mpunga.

Za kwanza zilikuwa ndogo, waya mwembamba na sponji kama biskuti. Mjomba alizivaa dakika chache akazivua mwenyewe. "Dramu inalia kama kifuniko cha chai," akasema. Mama hakuhitaji hata kwenda tutani.

Za pili zilikuwa kubwa, nyeusi, zimefungwa pande zote kwa plastiki nene na ngozi laini. Hizo ndizo muuzaji alizozisifia. Mjomba alipozivaa akafumba macho, goti likaanza kwenda. Akanivalisha na mimi. Besi iliingia kifuani kama mtwangio, na dunia nzima ikanyamaza: makopo, kuku, upepo kwenye masuke. Niliogopa kidogo. Nilihisi kama nimezamishwa kichwa kwenye mtungi.

"Hizi ndizo, mama," akaniambia, kwa jinsi alivyozoea kuniita. "Hizi ni kali."

Mama akaenda hadi tuta la mwisho. Jirani yetu Bibi Mwanaidi, mwenye dungu la upande wa mto, alikuwa amesimama kwake akitazama vituko vyetu tangu asubuhi.

"Shabani!" mama akaita.

Goti la Mjomba likaendelea.

"Shabani!"

Badala yake akajibu Bibi Mwanaidi, kwa sauti ya kuvuka mashamba mawili: "Mwache mwenzio, kavaa ngata! Mbona imemteremkia masikioni, maji atabebea wapi?"

Na kabla hajamaliza kucheka nikausikia ule mvumo. Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote, lakini kundi lilikuwa limeshatua pembeni, na mpaka mama akimbie akipiga makofi, kipande cha upana wa mikeka miwili kilikuwa kimekamuliwa. Mjomba alifumbua macho dungu lilipotikiswa na ngazi. Mama alikuwa anapanda.

"Nimekuita."

"Nitapunguza sauti, dada."

"Sauti utapunguza. Masikio bado utakuwa umeyaziba."

Mjomba alizivua polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu aliyekasirika husema maneno halafu akabaki. Yeye alianza kuzungusha waya vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayefunga begi. "Basi dada, nisikudanganye," akasema. "Kukaa hapa kusikiliza makopo tu siwezi. Kesho nitazirudisha, nichukue saa yangu, niendelee na safari."

Za tatu zilikuwa zimebaki ndani ya mfuko. Alikuwa amezitenga mapema, kwa kuwa mgongoni, pale palipotakiwa kufungwa, zilikuwa na matundu matundu kama kichujio cha tui. Ukiziwasha, muziki ulitoka nje hata aliyekaa pembeni akausikia. Muuzaji mwenyewe alisema hizo zina kasoro, labda kifuniko kilipotea.

Nilizichukua kwa sababu hakuna aliyezitaka. Nikabonyeza redio.

Mpaka leo naweza kueleza nilichosikia, kwa mpangilio. Gitaa moja lilikuwa kushoto, mbali kidogo, likisaga. La pili lilikuwa kulia, jembamba, linapanda. Mwimbaji katikati. Dramu nyuma yao, kila pigo na mahali pake, kama ninavyojua kopo gani limelia kwenye kamba gani. Na nje ya hao wote, bila kugombana nao, kulikuwa na upepo, kuku chini ya dungu, na mama akisema, "Rukia, shuka ukachote maji."

"Abee, mama," nikajibu, sijazivua.

Wote wawili wakanigeukia.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Na magitaa ni mawili, Mjomba. Kwenye zile nyeusi lilikuwa moja."

Mjomba akazinyakua. Alisikiliza wimbo mmoja mzima akiwa amekunja uso. "Besi ndogo," akalalamika. Kisha, baada ya kitambo, "Yallah, kumbe ni mawili kweli." Mama alikuwa ameshashuka ngazi bila kuaga, anatembea juu ya matuta kuelekea mwisho wa shamba. Nilimtazama akizidi kuwa mdogo, nimeshika nguzo kwa mikono miwili.

"Shabani!"

"Naam, dada!"

Bibi Mwanaidi akapiga kigelegele cha kejeli. Kesho yake saa ikakombolewa, hedifoni nyeusi zikarudi dukani pamoja na zile ndogo, na muuzaji akatuuzia zenye matundu kwa bei ya kitu kibovu. Mjomba alikaa mpaka mavuno. Nguruwe walikuja mara tatu, akawafukuza mara tatu, redio kiunoni na rungu mkononi.

Mengine nilijifunza baadaye, mwenyewe, kwa kufungua hedifoni mbovu na kusoma kila karatasi iliyonipitia mkononi. Zile hazikuwa na kasoro. Zilitengenezwa wazi kwa makusudi, ili hewa iliyo nyuma ya spika ipite na sauti isijigonge ndani ya kasha na kurudi. Kwa roki hiyo ni faida kubwa. Muziki ule umejaa: magitaa na sauti ya mtu vinagombania nafasi moja ya katikati, na besi ikizidi huvifunika vyote, msikilizaji akadhani anapata nguvu kumbe anapata uji. Kwa hiyo nilimjibu binti yangu bila kusita. Chukua zilizo wazi nyuma, kama unasikilizia nyumbani. Usizipime kwa besi. Chukua wimbo unaoujua, tafuta gitaa la pili, na dramu ikipigwa sikiliza kama pigo linakatika au linaburuta mkia. Zisikubane kichwa. Za kuziba kabisa ni za kwenye basi. Ushauri huu nimewapa watu wengi, na hakuna aliyerudi kunilaumu.

Nilimaliza kuyasema hayo, nikaona nimpigie mama simu. Nilitaka kumwambia, baada ya miaka yote hii, kwamba kipimo chake cha ndege kilichagua vizuri kuliko muuzaji.

"Ndege gani?" akauliza.

"Si ulitaka awasikie ndege?"

"Ndege ulikuwa unawasikia wewe. Na mpunga ukiliwa, unapandwa mwakani. Shabani nilikuwa naye mmoja. Miaka yake yote ya Dar nilimpelekea salamu kwa makondakta, hata jibu moja halikurudi. Nilimwita, hakuitika. Sasa yuko mbele yangu, halafu anavaa kitu cha kumfanya asinisikie tena?"

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo utotoni nililiona ni upuuzi wa watu wazima. Siku ile, Mjomba alipoitika kutoka dunguni, jaribio lilikuwa limekwisha, na mimi nilikuwa nimeanza kurukaruka. Lakini mama hakurudi. Alibaki amesimama juu ya tuta la mwisho, mpunga umemfika kifuani, akaita tena.

"Shabani!"

"Naam, dada! Kuna nini?"

"Hakuna," akasema. "Basi tu."