Feni ya Mama Shamsa

Mama Shamsa ametengeneza cherehani hapa Mwanza kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumheshimu fundi anayeanza kufungua kabla hajasikiliza. Ndiyo maana hana marafiki wengi miongoni mwa mafundi.

Gari lake ni dogo, la Kijapani, aliloachiwa na marehemu mumewe. Masika ya mwaka jana lilianza kelele. Ukiwasha feni inayopuliza hewa kwenye kioo cha mbele, chini ya dashibodi upande wa abiria ilitoka sauti kama ya mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Kuizima feni hakukuwezekana, maana mvua ikinyesha na madirisha yamefungwa, kioo kilijaa ukungu hata usione ng'ombe barabarani. Mimi ni jirani yake. Kila Jumatano tulikwenda pamoja Usagara, yeye kwa wateja wake, mimi kwa dada yangu, na safari nzima tukizungumza kwa kupiga makelele.

Akalipeleka Nyegezi kwa Farouk, fundi magari, nami nikiwa naye. Huyu alijiita Injinia. Neno hilo alikuwa ameliandikisha mgongoni mwa ovaroli na juu ya mlango wa gereji, ingawa chuo alichosomea hakuna aliyewahi kukisikia. Alimwamkia vizuri, "Shikamoo, Mama," akaitikiwa, na baada ya hapo hakumsikiliza tena. Alichomeka kifaa chake cha kupimia chini ya usukani, akakikodolea macho kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Kompresa ya AC imekufa, Mama. Inabidi tuishushe."

"Hicho kifaa ndicho kimesema?"

"Kifaa hakisemi, Mama. Kinasomwa na mwenye elimu."

"Kompresa iko wapi?"

"Mbele, inazungushwa na injini."

"Mbona kelele iko kwenye magoti ya huyu?" alisema, akininyooshea kidole.

Farouk akawatazama wenzake, akacheka. Nao wakacheka, kwa kuwa ndiyo kazi waliyoiweza. "Sauti inasafiri, Mama. Kama unataka kuvumilia kwanza, washa redio."

Mama Shamsa alimtazama kama anavyotazama cherehani iliyotiwa mafuta ya kupikia. Kisha akaingia garini palepale, akageuza ufunguo bila kuwasha injini. Akaweka feni namba moja, ikakwaruza. Namba mbili, kelele ikaongezeka. Alipofika namba nne, mmoja wa wale waliokuwa wakicheka akarudi nyuma hatua mbili.

"Injini imelala," alisema kupitia dirishani. "Sasa kompresa inazungushwa na nini, Injinia? Na elimu yako?"

"Basi labda ni waya," Farouk akasema.

"Labda," Mama Shamsa akarudia neno hilo polepole, kama mtu anayeokota kitu kichafu kwa kijiti. Akawasha gari, tukaondoka.

Nyumbani alijifunga kitambaa kichwani, akaichomoa droo iliyo mbele ya kiti cha abiria, akalala chali garini, miguu ikining'inia mlangoni. Ana miaka sitini na mmoja. Alifungua skrubu tatu, akachomoa plagi ya waya, na feni ikamshukia mikononi: kitu cha mviringo kama kikapu kidogo, kimezungukwa na mapanga membamba.

Mle ndani walijaa wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaoruka makundi makundi kama moshi. Walikuwa wamekufa, wamechanganyika na vumbi, wakakauka kama uji uliosahauliwa, tena upande mmoja tu.

"Tazama," aliniambia. "Imeelemewa upande huu, ikizunguka inayumba. Mtu anataka kuivunja injini kwa ajili ya wadudu!"

Aliisugua kwa mswaki wa zamani, akaizungusha kwa kidole karibu na sikio. Bado ilikwaruza kidogo. Akatia tone moja la mafuta ya cherehani pale mhimili unapokaa, akazungusha tena, akatikisa kichwa kuridhika. Nilipomuuliza kwa nini asitie mawili, alisema la pili lingeita vumbi. Akarudisha kila kitu, akawasha. Ilitoka hewa tu, yenye harufu ya samaki iliyodumu siku mbili.

Baada ya mwezi hivi Farouk alikuja mwenyewe, bila ovaroli, na gari la mteja lenye kelele kama ile. Alikuwa amekwisha kubadilisha kompresa.

"Mama, naomba unielekeze."

"Kaa ndani, washa feni, usishike kitu. Sikiliza."

Akakaa. Haikupita dakika moja akatoa kichwa nje. "Nisikilize nini, Mama?"

Mimi nilimwonea huruma Farouk, mtu mzima vile. Mama Shamsa hakumwonea. Alichukua birika lake la udhu, akaingia ndani kuswali Alasiri, akafunga mlango.