Kiongozi wa Zamu Kibarani

Kila Jumamosi ambayo bahari hupwa asubuhi, mimi huwapeleka wasichana wa gredi ya nne na ya tano Kibarani kupanda mikoko. Zamani pale palikuwa jaa la taka, na hadi leo ukichimba shimo la mche hukosi kuibua soli ya kiatu. Wasichana wenyewe hufurahia hivyo. Sheria yetu ni moja: mmoja wao huwa kiongozi wa zamu, na sote twamtii, hata mimi ambaye mdomo wangu haujui kutulia.

Jumamosi moja mwaka huu zamu ilikuwa ya msichana mpole wa gredi ya tano, mkazi wa Mji wa Kale, ambaye hata akiitwa jina huitika kwa kunong'ona. Nyanyake, ndiye anayemlea, hakuyapenda mambo haya ya matope. Nilipokwenda kumchukua mtoto nilimkuta bibi keshavaa buibui, kasimama mlangoni.

"Leo naja nione kwa macho yangu," akaniambia. "Nikiona ni upuuzi, huyu haji tena."

Mtoto akatazama chini. Nilimhurumia sana, maana nilijua alivyoingoja zamu ile.

Tukapanda tuktuk, tukapenya katikati ya malori ya Shimanzi, tukafika. Nyanya aliwekewa kiti pakavu, lakini hakukikalia. Alikunja buibui, akaingia matopeni, akaanza kuwasahihisha watoto: huyu mche wake umelala, yule ameshika jembe kama mwiko. Kufumba na kufumbua wote wanamsikiliza yeye, na kiongozi wetu amesimama kando na ndoo yake, hana wa kumwongoza.

Maji yakaanza kujaa. Kutangaza mwisho wa kazi ni jukumu la kiongozi. Aliwaambia wenzake, wakatoka, isipokuwa nyanya, aliyekuwa mbali zaidi, kauinamia mche. Mtoto akamwendea. Sasa, huyu ni mtoto aliyelelewa akaleleka, na kwao mkubwa haambiwi neno kabla ya kuamkiwa.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. U mzima?"

"Ni mzima, alhamdulillahi. Nawe waonaje hali?"

"Njema. Ila goti hili."

"Pole, nyanya. Lingali lauma?"

Maji yalikuwa yamewafika vifundoni. Mimi pale ukingoni nilikuwa nimejiziba mdomo kwa ncha ya leso, nusura nipige kelele. Goti likazungumzwa, na mafuta ya kulichua yakazungumzwa, na maji yanapanda tu. Ndipo mtoto akavuta pumzi, akatoa sauti ambayo sikujua anayo.

"Nyanya, kiongozi leo ni mimi. Toka majini sasa hivi!"

Nikasema moyoni, basi tena, mtoto huyu tumeshamkosa. Nyanya akautia mche ndooni, akaushika mkono alionyooshewa, akatoka.

Tulipofika kwao, jirani yao aliyeketi barazani aliliona buibui lililorowa, akaangua kicheko.

"Haya, na Jumamosi ijayo utamwacha aende tena?"

"Waniuliza mimi?" nyanya akamjibu, huku akimwonyesha mjukuu wake kwa kidevu. "Muulize kiongozi huyo kama atanichukua."