Katuni ya Shamimu

Mwaka 2009 watu wa Tunduma walimcheka Mzee Masudi alipouza lori lake ili atufungulie sisi wachoraji studio ya katuni pale Chapwa. Wajinga! Hakuna aliyemuuliza sababu. Binti yake Shamimu alifariki akiwa na miaka sita, akazikwa siku hiyohiyo kama ilivyo ada, baba yake akiwa njiani Zambia na mzigo. Mtoto hakuacha hata picha moja.

"Mchoreni anatembea," alituambia.

"Alikuwa anatembeaje, mzee?"

Miaka yote aliondoka kabla mtoto hajaamka, akarudi na kumkuta ameshalala.

"Mama yake angejua, naye nilimzika mwaka jana."

Basi tulimchora amelala. Katika katuni nzima anapumua tu.