Aliyeupa Uwanja Mgongo

Kwa miaka kumi na tisa Kipaza aliingia kwenye uwanja mkubwa wa mpira wa jiji lile kila mwisho wa wiki, na hakuwahi kuona bao hata moja. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni, na kanuni ya kwanza ya kampuni, iliyobandikwa ukutani ofisini juu ya birika la chai, ilisema kwamba mtembezaji hawaondolei macho wageni wake. Basi alisimama chini ya jukwaa, mwavuli wa njano mkono huu, kipaza sauti mkono ule, ameupa uwanja mgongo. Mabao aliyasoma kwenye nyuso za wageni. Wakikodoa macho, mpira uko karibu na lango, wakiruka, umeingia.

Hilo halikumzuia kuyasimulia, maana mtu yule alijaliwa domo. Asubuhi aliwapandisha wageni kilima cha nyuma ya jiji na kuwaambia kina ngazi elfu moja, nazo hazifiki mia nne. Mchana aliwazungusha kwa baiskeli kando ya ziwa la bustani kuu, ambalo kwa maelezo yake halijapimwa kina hadi leo, huku bata wamesimama katikati yake na maji hayajawafika magotini. Wageni wenyewe nao walistahili kila uongo waliopewa. Wamevuka nusu ya dunia kuja kutazama mpira, halafu nao wanaupa mgongo ili wajipige picha, na timu hazijasalimiana wameshauliza choo kiko wapi.

Nyumbani domo hilo lilimponza. Binti yake, kifungua mimba, alikuwa kipa wa timu ya wanawake wa posta, na mechi zao zote ziliangukia siku ambazo baba yuko kilimani au ziwani. Mwaka juzi Kipaza alirudi jioni moja akamkuta mezani, akaanza kummwagia sifa jinsi alivyoupangua mpira wa kona.

"Ulipaa, mwanangu! Uwanja mzima ulisimama!"

"Baba, leo nilikaa benchi," binti akasema. "Si kifundo kilivimba? Asubuhi ulinifunga bandeji wewe mwenyewe."

Tangu siku hiyo binti hakumtajia tena baba yake habari za mpira. Alimwamkia, alimpakulia chakula, alimuuliza kama maji ya kuoga yanatosha, basi. Adabu ile ilimchoma Kipaza kuliko tusi. Mkewe hakumsaidia.

"Wewe hata siku ya kunizika utasimama umelipa kaburi mgongo," alimwambia, "uwaeleze watu lilichimbwa na nani."

Mwaka huu timu ya posta ikaingia fainali, na fainali ikapangwa kwenye uwanja ule ule mkubwa, kabla ya mechi ya wanaume. Binti akamwita baba yake pembeni.

"Hii ndiyo ya mwisho, baba. Goti limekataa. Usiniahidi kitu. Jioni nitakuuliza swali moja tu."

Kipaza alikwenda ofisini kuomba ruhusa. Meneja akacheka hadi akashika mbavu.

"Ruhusa ya nini tena? Si utakuwa humo humo uwanjani? Una bahati, mzee!" Akamkabidhi wageni kumi na mmoja.

Kipindi cha kwanza chote kilichezwa nyuma ya kisogo chake. Alieleza mwaka wa kujengwa uwanja, akautaja tofauti kabisa na ule aliowatajia wageni wa wiki iliyopita. Bibi mmoja mwenye kofia pana kama sinia akashika mdomo ghafla, na roho ya Kipaza ikaruka. Kumbe bibi alikuwa anapiga mwayo.

Baada ya mapumziko timu zikabadilishana upande, na lango la binti yake likawa pale pale nyuma yake, hatua thelathini. Hapo ndipo akamsikia. "Namba nane huyo! Mmelala? Mkabeni!" Sauti kali, ya kuamrisha, ambayo nyumbani hakuwahi kuisikia. Yule anayemuuliza habari za maji ya kuoga alikuwa anawakemea wenzake kumi wote uwanjani, nao walimtii. Kipaza alijisikia mgeni kuliko wale kumi na mmoja. Akakata sentensi katikati, akaweka kipaza sauti chini, akasema, "Samahani, jamani," akageuka.

Alimwona mdogo langoni, goti limefungwa, jezi imechafuka begani. Alimwona akidaka mpira mmoja safi kifuani. Kisha likaja shuti la kichovu, la mtu aliyekata tamaa, likatambaa kwenye nyasi. Binti akainama, akachelewa, na mpira ukapita katikati ya miguu yake ukaingia wavuni. Mchezo ukabaki moja bila hadi kipenga cha mwisho. Kipaza alitamani ardhi ipasuke immeze yeye badala ya binti.

Nyuma yake msafara ukajifia. Mzee mmoja aliyekwenda kutafuta choo alikuja kupatikana katikati ya mashabiki wa timu pinzani, amepakwa rangi usoni, ana raha ambayo hakuwa nayo safari nzima. Wenzake hawakufurahi hivyo. Jumatatu barua ya malalamiko ilifika ofisini: mtembezaji wetu, ilisema, alikuwa anaangalia mpira.

Lakini kabla ya Jumatatu ilikuwepo jioni ile ya fainali. Binti alikaa sebuleni, mguu ndani ya beseni la maji ya moto, taulo shingoni.

"Haya, baba. Bao liliingiaje?"

Mama yake akaacha kukunja nguo. Domo la Kipaza lilikwisha kupanga kila kitu: upepo, shuti la radi, jua machoni, hakuna kipa duniani ambaye angeliweza. Maneno yalimfika kwenye meno. Akayameza.

"Ulipigwa tobo," akasema. "Na mpira wenyewe ulikuwa unatambaa. Mtoto wa miaka miwili angeudaka. Uliinama umechelewa, ukapita katikati ya miguu."

"Wewe baba wewe!" mkewe akamaka.

Binti alifunika uso kwa taulo, mabega yakamtikisika. Wazazi walitazamana, hawakujua kama analia au anacheka. Alipoliondoa, machozi yalikuwepo na meno yalikuwa nje.

"Kumbe ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Na ile penalti ya kipindi cha kwanza, niliyoipangua?"

Kipaza aliangalia beseni.

"Hiyo sikuiona, mwanangu."

"Basi sogeza kiti," binti akamwambia, "nikusimulie."