Baba Yako Amefariki, Bei ya Mchele Haijabadilika

Chama chetu cha wakulima wa kakao na mpunga kilipata tovuti kabla hakijapata choo. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mwenye mzani aliruhusiwa kununua na kuuza, wanunuzi wakimiminika Kyela kama kumbikumbi, na wafadhili wetu wakaamua kwamba mkulima asiye na tovuti ataachwa nyuma. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya fasihi, kitu kisichopaliliwa wala kuuzwa. Nikapewa kazi ya kuiendesha.

Tovuti ilikuja na mfumo wake. Unaingia kwa neno la siri, unaandika ndani ya kisanduku, unabofya, dunia inasoma. Ila mfumo uligawa watu kwa vyeo: mwandishi huandika, kisha kazi yake hukaa kama rasimu mpaka msimamizi aidhinishe. Kwetu huwezi kumpa mzee cheo cha chini ya kijana, hata ndani ya kompyuta. Kwa hiyo mwenyekiti, ambaye alikuwa hajawahi kuigusa, akawa msimamizi. Siku za soko alikuja kwenye kafe ya intaneti pale stendi, akavua kofia, akabonyeza neno lake la siri kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, mimi nikiwa nimegeukia ukutani kwa heshima. Chuo kikuu hawakunifundisha kusimama hivyo, lakini nilijifunza haraka.

Mfumo uliniachia uhuru mmoja. Makala yangu ikishaidhinishwa, niliweza kuisahihisha wakati wowote bila kumuuliza mtu.

Ukurasa uliosomwa kuliko yote ulikuwa wa bei za mchele na kakao. Mtoto wa kwanza wa shangazi yangu, mfanyabiashara aliyehamia Mzuzu, upande wa Malawi, aliufungua kila asubuhi kabla hajafungua duka. Alitwambia mwenyewe Krismasi, kwa majivuno.

Ndipo mume wa shangazi akafariki, nyumbani kwao Njisi, karibu na mpaka. Simu ya mtoto haikupatikana siku nzima. Wazee wa ukoo walikubali kungoja mpaka kesho yake saa kumi jioni, si zaidi. Joto la Kyela halina subira. Shangazi alinishika mkono mbele ya waombolezaji wote.

"Mwanangu, yule ndiye wa kumwaga udongo wa kwanza. Akikuta kaburi limefunikwa, hatanisamehe. Wewe si una hilo lidude la kuandikia watu?"

Nikapanda baiskeli mpaka kwa mwenyekiti. Alikuwa anageuza kakao juani, ameshika reki.

"Tangazo la msiba?" akasema. "Msomi, tovuti si redio ya vifo. Wafadhili watafungua, wakutane na maiti kabla ya kakao!"

"Mwenyekiti, kesho si na wewe utakuwepo mazikoni?"

"Nitakuwepo. Lakini siendi na tovuti."

Nikarudi mjini nikiwa nimekasirika vya kutosha kusahau jasho. Nikafungua ukurasa wa bei, ule ambao yeye mwenyewe aliuidhinisha, na nikausahihisha. Chini ya bei ya kakao nikaandika: "Bei ya mchele haijabadilika. Kaka wa Mzuzu, baba yako amefariki. Mazishi ni kesho saa kumi jioni, nyumbani Njisi. Njoo." Nikabofya. Shahada yangu haikuwahi kuandika kitu bora zaidi.

Kesho yake saa tisa alikuwa hajafika. Mchungaji alianza kutazama saa yake, na shangazi akaacha kulia ili aangalie barabara. Wakati jeneza linanyanyuliwa, baiskeli ya abiria ikatokea upande wa mpakani, dereva anahema, nyuma amekaa mtoto wa marehemu na koti la duka bado mwilini. Alikwenda moja kwa moja kaburini. Akamwaga udongo wake, kisha akakaa chini pale pale, kama mtoto.

"Ndaga fijo," shangazi akaniambia, asante sana, na akarudia kulia vizuri.

Mwenyekiti aliona yote. Hata hivyo wiki ile ile akaitisha kamati.

"Nani alikuruhusu?"

"Mfumo."

"Mfumo ni mjomba wako?" Wajumbe wakacheka. "Futa lile tangazo."

"Sifuti."

"Huyu kasoma mpaka kapitiliza," akasema mjumbe mmoja.

Mweka hazina, mama mkimya wa Matema, akakohoa. "Mimi kaka yangu yuko Karonga, kule Malawi. Siku nikifa mtamwita kwa filimbi?"

Walinipa onyo kali. Nikauliza kama nalo liwekwe kwenye tovuti, wafadhili walisome. Mwenyekiti akafunga kikao.

Siku chache baadaye kulikuwa na msiba Matema, kwa jirani wa mweka hazina. Sikwenda kumwomba mtu ruhusa. Niliufungua ukurasa wa bei, nikaweka jina la marehemu juu kabisa, likifuatiwa na siku na saa ya mazishi. Kakao nikaishusha chini. Anayeitaka atateremka.